Pingamizi la Naelijwa

Barua ya Mizani ilifika Usangi Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala migombani, na ilikuwa na adabu zote isipokuwa huruma. Ilianza kwa salamu, ikafuata na hongera.

"Hongera, Naelijwa Mchome. Umepimwa na umeonekana unajiweza. Saa zako za usaidizi zimefutwa. Mkono wa kubebea utachukuliwa siku ya Alhamisi. Ukipatwa na shida, kitanda chako kipo tayari katika Makao ya Pamoja, tambarare."

Naelijwa aliisoma akiwa ananing'inia. Usicheke, barua zake zote za asubuhi alizisoma hivyo. Mbeba, ule mkono wa chuma uliotembea kwenye reli chini ya dari kutoka kitandani hadi bafuni, jikoni na barazani, alikuwa amemwinua kwa mkanda wa turubai na kumfikisha katikati ya sebule, na hapo ndipo maandishi yalipotokea ukutani. Miguu yake ilining'inia chini ya khanga. Haikuwa imemtii tangu alipoanguka kutoka mnara wa hali ya hewa, miaka tisa iliyopita. Aliisoma barua mara ya pili, kisha akamwambia Mbeba amshushe kwenye kiti, kwa maana kuna habari ambazo mtu hafai kuzipokea akiwa hewani.

"Kuna nini, dada?" aliuliza Zaina kutoka jikoni. Zaina alikuwa msaidizi aliyelipwa na Mfuko wa Kuishi Nyumbani, saa nne kila siku, na alikuwa na masikio ya popo.

"Wamenipongeza."

Zaina alikuja akijifuta mikono, akasoma, akaketi sakafuni kama aliyekatwa miguu yeye.

"Unajiweza? Wewe? Jana tu uliniita kutoka uani nije nikukune mgongo!"

Walicheka wote wawili, lakini kicheko hakikufika mbali. Bila Mbeba, Naelijwa asingetoka kitandani. Bila mtu wa kumgeuza usiku, ngozi ya nyonga ingechubuka, na vidonda vya kulalia havina mchezo. Vilishamlaza hospitali miezi minne. Kwa hiyo ile hongera maana yake ilikuwa moja tu. Ndani ya wiki chache angehamia Makao atake asitake, aiache nyumba aliyojengewa na baba yake, na karakana yake barazani ambako watu wa tarafa nzima walimletea vipima mvua vyao avitengeneze.

Lakini si hilo tu lililomuuma. Kuna jambo Naelijwa hakupenda lisemwe, nami sina budi kulisema: Mizani aliitengeneza yeye.

Alikuwa na miaka ishirini na sita wakati huo, yuko Dodoma, anakimbilia mikutano kwa viatu vya visigino. Serikali ilikuwa imeanzisha Mfuko ili mtu mwenye ulemavu aishi kwake kwa usalama, na ikahitajika mashine ya kupima nani anahitaji nini, ili mjomba wa mkubwa fulani asipewe mkono wa chuma wa kubebea magunia ya vitunguu. Wakubwa walitaka macho: kamera katika kila chumba cha kila anayesaidiwa. Naelijwa akagoma. Alisimama mbele yao akasema, "Mtu haogi ili atazamwe," na sentensi hiyo ikawanyamazisha, kwa kuwa hakuna aliyependa kujifikiria yeye bafuni.

Akawapa njia nyingine. Anayesaidiwa angevaa bangili inayosoma ngozi, uzito, usingizi na mapigo ya moyo. Kisha mara moja kwa mwaka Mizani yenyewe, kisanduku chenye miguu mitatu na sauti ya mama mkwe mpole, ingepita kwa majirani ikiuliza swali moja: umemsaidia mtu huyu kwa jambo lolote? Hesabu ilikuwa nyepesi. Mwili ukiwa mzima na hakuna anayeubeba, basi unajibeba wenyewe.

Hesabu ilikuwa sahihi, na ilikuwa ya mtu aliyesahau kwao. Usangi, mtu akitenda wema kisha akautangaza, huhesabiwa ameula mwenyewe. Ukimwambia mzee asante kwa kunichotea maji, atakuuliza, "Maji gani?" tena kwa ukali kidogo, kama uliyemsingizia. Mwezi uliopita Mizani ilizunguka kijiji kizima, mlango hadi mlango, na kila mlango ulijibu kwa heshima ileile: "Mimi? Sijafanya lolote." Ilipofika kwa Naelijwa mwenyewe ikamuuliza hali. Akasema, "Sijambo, namshukuru Mungu," kama asemavyo kila mwenye malezi kabla ya kuanza kutaja yanayomsumbua. Mizani ikashukuru na kuondoka. Haikujua kwamba hapo ndipo mazungumzo yalikuwa yanaanza.

*

Jumanne alikuja Yusto Msofe, afisa wa Mfuko wa wilaya. Kazi ya kuendesha Mizani alifundishwa na Naelijwa, na mpaka leo alimwita mwalimu. Aliketi ukingoni mwa kiti, akashika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili, na akaanza kuzungumzia barabara.

"Msofe," Naelijwa alimkatiza, "hukupanda mlima huu kuja kunieleza habari za lami."

Msofe alitazama ndani ya kikombe.

"Mwalimu, ufunguo wa muasisi bado unafanya kazi. Hakuna aliyeufuta. Ukiyasema maneno yako, unaingia. Alama yako ya kujiweza ni tisini na moja. Ikiwa arobaini, Alhamisi haji mtu hapa." Akasimama. "Mimi nimeipenda migomba yako. Naenda kuitazama. Nitaitazama kwa dakika kumi."

Akatoka, kishikwambi chake akakiacha mezani kimewaka.

Naelijwa alibaki peke yake na ile tisini na moja. Niseme kweli: alitamani. Mtu yeyote angetamani. Aliona Makao jinsi yalivyo, vitanda arobaini vyeupe, dirisha moja kwa vitanda vinane. Alimkumbuka Mzee Titu Mfinanga wa bonde la pili, mfuga nyuki asiyeona, ambaye Mizani ilimpongeza mwezi wa tatu. Watoto wake walimpeleka Makao baada ya kuungua jikoni. Alimtumia Naelijwa ujumbe wa sauti mmoja tu: "Huku hakuna ubaya. Chakula kinafika kabla sijasikia njaa. Sijui tena saa ngapi."

Alivuta chini kidogo orodha iliyokuwa kwenye kishikwambi. Jina la Titu lilikuwa palepale, alama themanini na nane, kwa kosa lilelile na kwa swali lilelile aliloliandika yeye. Angeweza kuibadilisha na ya kwake pia. Na ya nani tena? Angekoma kwa yupi? Halafu siku moja mkaguzi angegundua, kwa kuwa wakaguzi hugundua, na wale waliotaka macho walikuwa bado wapo, wanangoja uongo mmoja tu ili waseme: mnaona? Watu hawa hawaaminiki, tuwawekee kamera. Hapo kila bafu nchini lingekuwa na jicho, na aliyelifungulia mlango angekuwa yeye.

Aliufunika uso kwa viganja. Aliogopa Makao, na aliogopa zaidi kuona kwamba kila njia iliyokuwa mbele yake aliichimba mwenyewe.

Msofe aliporudi alikuta kishikwambi kimezimwa.

"Andika pingamizi," Naelijwa alisema. "Kikao kesho, uwanjani kwangu, majirani wote."

"Lakini watasema yaleyale, mwalimu! Watasema hawajafanya lolote, na safari hii itakuwa ya mwisho. Pingamizi likikataliwa halirudi."

"Najua. Maliza chai yako."

*

Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri, Mzee Hatibu alipuliza baragumu la msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Kwa kawaida huwaita watu kuzibua mifereji au kutengeneza barabara, hivyo nusu yao walifika na majembe. Mizani iliwekwa juu ya meza ya Zaina ya kukatia mboga. Naelijwa aliletwa barazani na Mbeba, akashushwa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliona haya kubebwa.

"Shahidi wa kwanza," ilisema Mizani. "Hatibu Kirumbe, jirani wa upande wa juu. Katika siku saba zilizopita, umemsaidia Naelijwa Mchome kwa jambo lolote?"

Mzee Hatibu, miaka sabini na miwili, kofia ya kiua, alijikohoza.

"Mimi? Mimi nina nini cha kumsaidia mtu? Napita tu nikienda zangu. Namsalimia."

"Imeandikwa. Shahidi wa pili. Mama Senyaeli Mbwambo, jirani wa upande wa chini."

"Sijafanya lolote, mwanangu," Mama Senyaeli aliiambia Mizani kwa upole. "Mimi ni mtu wa nyumbani tu."

Wa tatu hakufanya lolote. Wa nne hata njia ya kufika hapa alikuwa haijui vizuri. Msofe alikuwa ameinamisha kichwa. Zaina alitafuna ncha ya mtandio. Naelijwa aliwatazama watu wake, mmoja mmoja, wakimzika kwa adabu, naye akashindwa kuwachukia.

Shahidi wa tano alipokuwa akikana, Mzee Hatibu aliongeza kwa kujisahau, "Kwa kweli sisi hapa tunapita tu."

Na Mama Senyaeli akaguna. "Mh!"

Mizani haikuiandika hiyo, kwa kuwa haikufundishwa miguno. Lakini Naelijwa alikulia akiisikia. Ile "Mh!" ndiyo iliyofungua kila kesi ya utotoni mwake. Watani wetu husema Mpare akiibiwa kuku yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani, na hawajakosea sana. Hatibu na Mama Senyaeli walikuwa na kesi ya mparachichi wa mpakani kwa mwaka wa sita sasa. Wema wake mtu wa Usangi hatausema hata umchome moto. Lakini uongo wa jirani yake? Huo hawezi kulala nao.

"Mizani," Naelijwa aliita. "Kifungu cha tisa. Shahidi anaruhusiwa kumpinga shahidi."

"Kifungu kipo," Mizani ilisema. "Hakijawahi kutumika."

"Kitatumika leo. Mama Senyaeli, una pingamizi lolote dhidi ya aliyoyasema Mzee Hatibu?"

Mama Senyaeli aliinuka akiwa ameshika kiuno.

"Ninalo! Tena kubwa! Eti anapita tu. Anapita juu ya bati? Mzee mzima, kila asubuhi anapanda ngazi, anafuta umande kwenye paneli za jua ili huu mkono usizimike! Mimi namwona kwa macho yangu! Siku ile alipoteleza nani alimshikia ngazi?"

"Nilikuwa naangalia mparachichi wangu!"

"Mparachichi wa nani?"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mizani ilisubiri, kisha ikauliza, "Saa ngapi kwa wiki?"

"Saba," alisema Mama Senyaeli. "Za mvua, nane."

"Na yeye je!" Mzee Hatibu alinyoosha bakora. "Muulizeni! Mbeba anajua kuinua, hajui kugeuza mtu aliyelala. Nani anamgeuza? Mimi silali vizuri, naona tochi yake inavuka shamba usiku, mara mbili! Miaka mitatu! Leo anasema ni mtu wa nyumbani. Nyumbani kwa nani?"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Fundi cherehani alishtakiwa kwa kushona mikanda ya turubai na kukataa malipo. Mke wa mchungaji alishtakiwa kwa kufua mashuka. Naye alisimama akamshtaki fundi cherehani kwa mara ya pili, kwa kukinasua kiti cha magurudumu matopeni. Watu walinyosheana vidole na majembe, na kila aliyetajwa aliinamisha uso kama mwizi wa kuku. Naelijwa alilia bila kujificha. Mengine hakuwa akiyajua hata yeye.

"Jumla," Mizani ilisema, "saa arobaini na moja kwa wiki, ambazo hazikuandikwa. Swali la mwisho kwa mashahidi wote. Je, usaidizi huu utaendelea?"

"Utaendelea!" walijibu kwa pamoja, kwa moyo wote, na Mzee Hatibu akaongeza, "Inshallah!"

Msofe aliziba macho. Alijua, kama alivyojua mwalimu wake, kilichofuata kwenye hesabu.

"Kama usaidizi upo na utaendelea," Mizani ilisema, "basi hitaji limekwisha kutimizwa. Pingamizi lina—"

"Bado!" Naelijwa alipaza sauti. "Kanuni inasema wanaoweza kuendelea. Haisemi wanaopenda. Nimeiandika mimi. Uliza mmoja mmoja, na uulize kama wanaweza."

Ile sauti ya mama mkwe ikasema, "Mama Senyaeli Mbwambo. Je, unaweza kuendelea?"

Mama Senyaeli alifungua kinywa. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote. Lakini macho yake yalikutana na ya Naelijwa. Mkono wake ulikuwa bado kiunoni, juu ya khanga aliyojifunga kwa nguvu ili mgongo usimame wima.

"Mwanangu," alisema, hasemi na Mizani tena. "Nikisema siwezi, si nitakuwa nimekutupa mbele za watu?"

"Hapana, mama. Ukisema unaweza ndipo nitakapotupwa. Na siku mgongo wako utakapokatika nitakuwa nimekuua. Sema kweli. Mimi nitaanza." Naelijwa akageukia kile kisanduku alichokiumba akiwa kijana na miguu yake mizima. "Uliniuliza hali nikakwambia sijambo. Sikusema kweli. Siwezi kujigeuza. Siwezi kujinyanyua. Usiku naogopa. Najua kazi yangu na najua kuishi, na nataka kuishi hapa. Lakini peke yangu siwezi."

Mama Senyaeli alifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Mgongo wangu umekwisha," alisema polepole. "Daktari aliniambia mwaka jana, nikaficha. Nampenda huyu kama Senyaeli wangu. Lakini kumgeuza, siwezi tena."

"Na bati," alisema Mzee Hatibu akiwa ametazama chini, "bati linateleza."

Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, na kusema siwezi kuliwagharimu kuliko jembe lolote la msaragambo.

Mizani ikasema:

"Pingamizi limekubaliwa. Mkono wa kubebea unabaki. Saa za usaidizi zilikuwa nne kwa siku, sasa ni kumi, za usiku zikiwemo. Taarifa kwa afisa: katika nyumba elfu mbili mia tatu na sita, mashahidi walijibu kwa maneno yaleyale, 'sijafanya lolote.' Kuwauliza upya, shahidi akimpinga shahidi, kunahitaji ufunguo wa muasisi."

Msofe alimtazama mwalimu wake. Ufunguo ulikuwa siri, na siri ikisemwa mbele ya kijiji si siri tena. Ungefutwa jioni hiyohiyo, asiweze kuutumia tena hata siku atakapouhitaji yeye.

"Andika, Msofe, kwamba nimeusema hadharani," Naelijwa alisema. Akainua kichwa. "Mtu haogi ili atazamwe."

"Ufunguo umepokelewa," ilisema Mizani. "Tutaanza na nyumba ipi?"

"Anza kwa Titu Mfinanga, bonde la pili. Majirani zake nawajua. Wanapenda kesi kuliko sisi."

*

Wiki iliyofuata ujumbe wa sauti uliingia wakati Mbeba akimpeleka Naelijwa jikoni. Nyuma ya sauti ya Mzee Titu kulisikika nyuki. "Kijiji kizima kimeshtakiana kwa ajili yangu," alisema, na alikuwa akicheka. "Nipo kwangu. Nina njaa kweli kweli, na chakula bado."

Mlango ulibishwa. Alikuwa Mama Senyaeli, na bakuli la makande chini ya kawa. Msaidizi wa usiku alikuwa ametoka alfajiri, Zaina alikuwa uani anaanika mashuka, na Mbeba alikuwa amekwisha kumkalisha Naelijwa mezani. Hakukuwa na cha kuinua wala cha kugeuza. Mama Senyaeli alisimama katikati ya jiko, hajui aiweke wapi mikono yake, mpaka Naelijwa akamvutia kiti.

Alikaa. Katika miaka mitatu hakuwahi kukaa katika nyumba hii.

"Hujambo, mwanangu?"

"Si—" Naelijwa alianza, akajishika. Akavuta bakuli karibu, akachukua vijiko viwili.

"Bega linaniuma tangu jana," alisema. "Kula, mama, nikueleze."